Mstari Mmoja Uliomeza Shilingi 22,000

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya programu, simu mpya na seva zinazogoma usiku wa manane. Leo naomba mnivumilie kidogo, maana nataka kuongea juu ya pensheni. Tafadhali usifunge ukurasa! Hata mimi nilidhani pensheni ni habari ya wazee wanaopanga foleni benki, na mimi sijafika miaka 30. Halafu nikaandika mstari mmoja wa msimbo, na mstari huo ukanifuata mpaka Kondele.

Ilikuwa hivi. Miaka michache iliyopita kampuni moja hapa Kisumu (sitaitaja jina) ilinipa kazi ya kutengeneza mfumo wa mishahara. Kazi ya kawaida tu: ingiza jina, ingiza mshahara, toa makato, chapisha slipu. Ndani ya orodha ya mahitaji kulikuwa na kipengele kuhusu mfuko wa pensheni wa kampuni. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, na kampuni inaongeza asilimia 5 nyingine juu yake. Akiondoka kabla ya kutimiza mwaka 1 katika mfuko, anapata kile alichochanga mwenyewe tu. Nikaandika (hapa nimeigeuza Kiswahili ili tuelewane):

kama miezi_ya_uanachama < 12 basi
    sehemu_ya_mwajiri = 0

Nikaijaribu, ikafanya kazi, nikalipwa, nikaenda Dunga kula samaki. Sikufikiria tena.

Baadaye, jioni moja pale Kondele, nikashikwa bega. Alikuwa karani wa ghala wa kampuni ile ile, kijana wa rika langu, miaka 28. Mkataba wake ulikuwa umeisha akiwa na miezi 11 na haukuongezwa. "Omera," akaniambia, "hiyo kompyuta yako imekula pesa yangu." Nikacheka nikidhani ni mzaha. Akatoa karatasi mfukoni. Mshahara wake ulikuwa 40,000. Kila mwezi slipu ilionyesha mistari miwili: mchango wako 2,000, mchango wa mwajiri 2,000. Miezi 11. Siku ya kuondoka, sehemu ya mwajiri ikasoma sifuri.

Shilingi 22,000. Sikuwa na jibu. Nilianza kumweleza habari ya masharti, kanuni, uanachama... nikajisikia nikiongea kama wakili, nikanyamaza. Alikuwa ameona namba ile kwenye slipu kila mwezi kwa miezi 11. Hakuna aliyemwambia kwamba namba ile ilikuwa bado si yake.

Hali nne za pesa moja

Tangu siku hiyo nimesoma sana jambo hili, na nimegundua kwamba shida kubwa ni kuchanganya vitu vinne ambavyo slipu inavionyesha kama kitu kimoja. Kwa sisi watu wa programu, ni rahisi kuifikiria pesa ya pensheni kama kitu kinachopita katika hali nne.

Hali ya kwanza ni kukatwa. Namba imeandikwa kwenye slipu. Basi. Ni maandishi tu.

Hali ya pili ni kufika. Mwajiri ametoa pesa kwenye akaunti yake akazipeleka kwenye mfuko. Wanaotumia Git wataelewa haraka: kukatwa ni "commit", kufika ni "push". Unaweza kufanya commit mwaka mzima kwenye kompyuta yako. Siku ikiibiwa ndiyo utajua kwamba kwenye seva hakukuwa na kitu.

Hali ya tatu ni kuiva. Hapa ndipo sehemu ya mwajiri inapokuwa mali yako kisheria, hata ukifukuzwa kesho. Wanasheria wana maneno yao marefu, mimi naita kuiva. Embe liko kwenye mti wa jirani, limeelekea kwako, lakini bado si lako.

Hali ya nne ni kufunguka, yaani lini unaweza kuishika pesa yenyewe mkononi. Pesa inaweza kuwa imeiva kabisa, ni yako, lakini imefungiwa mpaka ufike umri wa kustaafu.

Karani wangu alikwama katika hali ya tatu. Wengine wengi wanakwama katika ya pili, na hao nitawarudia, maana hali yao ni mbaya zaidi.

Sheria inasemaje?

Kenya tuna Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997, iliyounda mamlaka inayosimamia mifuko, RBA. Kanuni za mifuko ya kazini zilitoka mwaka 2000 na zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Kwa ufupi: mchango wako mwenyewe ni wako tangu siku ya kwanza. Mchango wa mwajiri unaweza kusubiri mpaka utimize mwaka 1 wa uanachama. Mfuko unaruhusiwa kuwa mwema kuliko hapo, na ipo inayokupa sehemu ya mwajiri tangu mwezi wa kwanza. Kwa hiyo ile kampuni haikuvunja sheria. Mimi pia sikuvunja. Ndiyo maana inauma.

NSSF ni habari tofauti. Kwa miaka mingi tulikuwa tunakatwa shilingi 200 na mwajiri anaongeza 200, hata ulipwe kama mkurugenzi. Sheria mpya ya 2013 ilikaa mahakamani miaka, mpaka uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa Februari 2023 ulipofungua mlango. Sasa ni asilimia 6 kutoka kwako na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, mpaka kikomo fulani cha mshahara ambacho kimekuwa kikipanda kila Februari. Kwa mshahara wa 40,000 hiyo ni 2,400 na 2,400. Pesa hizi zinaingia kwenye akaunti yenye jina lako, na hakuna anayekuuliza umekaa kazini miezi mingapi. Karani wangu alipoondoka, 52,800 zake za NSSF zilibaki zake zote.

Hebu fikiria hapo. Kwa mfanyakazi yule yule, mwezi ule ule, mwajiri yule yule alitoa michango miwili. Mmoja uliiva siku ulipofika. Mwingine ulihitaji siku 365. Tofauti haikuwa katika jasho la mfanyakazi. Ilikuwa kwenye mstari wangu wa msimbo.

"Lakini 22,000 ni pesa gani?"

Kuna rafiki aliniuliza hivyo. Tuchukue kikokotozi. Kijana wa miaka 28 ana miaka 32 mpaka afike 60. Tuseme mfuko unazalisha asilimia 8 kwa mwaka (sisemi utazalisha hivyo, ni mfano tu). 22,000 zinakua mpaka takriban 258,000. Ndiyo, mfumuko wa bei utazila kiasi, lakini hata hivyo hiyo si pesa ya soda.

Tena vijana wa siku hizi hatukai kazini miaka 30 kama baba zetu. Mimi mwenyewe nimefanya kazi sehemu tatu tangu nimalize chuo. Mtu akipata mikataba mitatu ya miezi 11 kwa mshahara ule ule, amepoteza 66,000 na hana hata siku moja aliyotoroka kazi. Sheria ya kuiva inamtuza anayekaa mahali pamoja, wakati kazi zenyewe zinatolewa kwa mikataba mifupi. Vitu hivi viwili haviendi pamoja.

Na hapa niseme jambo ambalo nimelisita. Baada ya kukutana na yule jamaa, niliitwa tena kwenye ile kampuni kurekebisha ripoti. Nikaangalia safu ya tarehe za kuondoka. Wafanyakazi 9 walikuwa wameondoka mwaka ule. Sita kati yao waliondoka wakiwa na miezi 10 au 11. Sisemi ilipangwa, labda ni mikataba ya msimu. Lakini ukimwambia mtu kwamba akimwachia mfanyakazi mwezi wa 11 anabaki na pesa, na akimwachia mwezi wa 13 hazirudi, umempa sababu. Programu mbovu ni ile inayomlipa mtumiaji akifanya vibaya.

Hatukuwa wa kwanza

Msidhani haya ni mambo ya Kisumu tu. Marekani walijifunza kwa machozi. Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilitangaza kufunga kiwanda chake cha South Bend. Mfuko wa pensheni haukuwa na pesa za kutosha. Waliofika miaka 60 walilipwa. Takriban wafanyakazi 4,000 waliokuwa na miaka 40 mpaka 59, watu waliotumikia miaka mingi, walipata kama senti 15 kwa kila dola waliyotarajia. Vijana hawakupata kitu. Kelele za kisa hicho zilisaidia kuleta sheria ya 1974 ambayo kwa mara ya kwanza iliweka mipaka ya muda ambao mwajiri anaweza kukusubirisha. Na bado Wamarekani wana masharti marefu kuliko yetu: mchango wa mwajiri unaweza kusubiri mpaka miaka 3 uive wote kwa mpigo, au uive kidogo kidogo, asilimia 20 kila mwaka, mpaka mwaka wa 6. (Wanaofuata habari za kampuni changa za huko wanajua mtindo huu huu kwenye hisa: mwaka wa kwanza huna kitu, halafu zinaanza kuiva.)

Uingereza walienda njia nyingine. Tangu 2012 wanaandikisha wafanyakazi kwenye pensheni moja kwa moja, na katika mfuko mkubwa wa NEST ulioanzishwa kwa kazi hiyo, mchango wa mwajiri ni wako tangu unapoingia. Waajiri wa Uingereza bado wanaajiri.

Na hapa kwetu, wazazi wetu walimu na watumishi wa serikali waliishi na masharti makali kuliko haya ya mwaka 1. Chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, pensheni ya kila mwezi ilitaka angalau miaka 10 ya utumishi, na aliyejiuzulu mapema aliondoka mikono mitupu. Ndiyo maana unakutana na mwalimu ambaye alichukia kazi mwaka wa 8 lakini akakaa mpaka nywele zikawa nyeupe. Mpango mpya wa kuchangia ulianza Januari 2021: mtumishi sasa anachanga asilimia 7.5 na serikali asilimia 15, na mtu ana akaunti yake.

Zunguka ziwa uone. Ziwa ni moja, sheria ni tatu. Upande wa Uganda, NSSF yao inachukua asilimia 5 kwa mfanyakazi na 10 kwa mwajiri, zote kwenye akaunti ya mwanachama. Upande wa Mwanza, ili upate pensheni ya mwezi unahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15.

Hoja za waajiri

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Nimewauliza waajiri wawili watatu, na hoja zao si za kipuuzi.

Wa kwanza alisema masharti ya muda yanazuia watu kuhamahama. Anamfundisha kijana kazi miezi 6, kisha kijana anahamia Nairobi. Ninamwelewa. Lakini kweli kuna mtu ameacha kwenda Nairobi kwa sababu ya 22,000 atakazoziona mwaka 2058? Ukitaka kumweka kijana, mpe mshahara, mpe kazi ya maana, usimfiche masharti kwenye ukurasa wa 14.

Wa pili alisema akaunti ndogo ndogo ni gharama kuziendesha. Hiyo ilikuwa kweli wakati wa mafaili ya karatasi. Leo ni safu moja kwenye hifadhidata. Mwaka 2011 ulizinduliwa Mpango wa Mbao, ambao uliwawezesha watu wa jua kali kuweka akiba ya uzeeni ya shilingi 20 kwa siku kwa simu. Kama shilingi 20 za fundi wa Kibuye zinaweza kuwa na akaunti, 22,000 za karani haziwezi kushindikana.

Wa tatu ndiye alinifikirisha. Alisema, "Ukinilazimisha mchango uive siku ya kwanza, nitapunguza kutoka asilimia 5 mpaka 3." Inawezekana. Sheria haimlazimishi kuwa na mfuko wa ziada juu ya NSSF. Jibu langu: afadhali 3 ambazo ni zangu kuliko 5 ambazo ni picha. Mfanyakazi anapokubali kazi anajumlisha namba zote alizoonyeshwa. Mchango wa mwajiri si sadaka, ni sehemu ya bei ya kazi. Umeutaja wakati wa kunishawishi nije, basi nimeufanyia kazi.

Jaduong' mmoja wa Dunga niliyemweleza habari hii alinitazama kama nimelewa. Wavuvi wakirudi alfajiri, samaki wanauzwa, gharama zinatolewa, na kila mtu wa mtumbwi anachukua fungu lake asubuhi ile ile. Mwenye mtumbwi anaweza kuwa mkali, anaweza hata kukupunja, lakini hawezi kukuambia fungu lako la leo litakuwa lako mwakani ukiendelea kupiga kasia. "Hapo nani atapanda mtumbwi wake?" akauliza.

Na wale waliokwama hali ya pili

Nilisema nitawarudia. Kuiva hakuna maana kama embe lenyewe halipo. Wapo waajiri, wa binafsi na wa umma, wanaokata mishahara na hawapeleki. Madeni ya michango ambayo serikali za kaunti zilirithi kutoka mabaraza ya zamani, na mengine zilizoongeza zenyewe, yamekuwa habari za magazeti tangu ugatuzi uanze 2013. Mtu anastaafu akiwa na slipu za miaka 20, na mfuko unamwambia haujapokea.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamtaka mwajiri aliyekata pesa azipeleke kunakohusika kwa wakati. Kinachokosekana ni mwanga. Ninaponunua mkate kwa M-Pesa, simu inalia kabla muuzaji hajaufunga. Lakini pesa ya uzeeni wangu ikikosa kufika miezi 8, ninanyamaziwa. Hilo ni tatizo la programu, jamani! Tunaweza kulitatua.

Kwa hiyo maoni yangu ni mawili. Moja, kanuni zibadilishwe, mchango wa mwajiri uive siku unapofika, kama NSSF ilivyo. Pili, kila mfuko ulazimishwe kumtumia mwanachama SMS kila pesa inapoingia, na ile ya muhimu zaidi: SMS ya mwezi ambao pesa HAZIKUINGIA. Na slipu isiandike "mchango wa mwajiri" tu. Iandike "bado haujaiva, umebakiza miezi 4". Kuandika hivyo kulinichukua dakika 20. Najua kwa sababu nimefanya. Niliwaomba wale wa kampuni, wakakubali. Sheria ya mfuko wao haikubadilika, lakini angalau hakuna tena atakayeshangaa mlangoni.

Kabla hujasaini barua ya kuacha kazi

1. Uliza tarehe uliyojiunga na mfuko. Mara nyingi si tarehe uliyoanza kazi, kwa sababu ya muda wa majaribio. Mwaka wako unahesabiwa kutoka hapo.

2. Omba kanuni za mfuko uzisome. Tafuta sehemu ya mchango wa mwajiri. Kama umebakiza wiki tatu, ongea na bosi mpya akusubiri wiki tatu.

3. Linganisha slipu zako na taarifa ya mfuko, mwezi kwa mwezi. Una haki ya kupata taarifa yako, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuona data zako.

4. Kama haziko sawa, andika barua kwa wadhamini, kisha RBA. Fanya hivyo ukiwa bado ndani. Ukishatoka sauti inapungua.

5. Usikimbilie kutoa kila kitu. Sehemu ya mwajiri iliyoiva haitolewi yote kabla ya umri wa kustaafu, lakini unaweza kuihamishia mfuko mwingine iendelee kukua.

6. Wanachama huchagua baadhi ya wadhamini. Nenda kwenye huo mkutano. Mimi nilikuwa siendi, nikidhani ni wa wazee.

Yule karani sasa ana kazi nyingine, upande wa Mamboleo. Juzi alinitumia picha ya slipu yake kwa simu, amezungushia mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, na chini ameandika: "Mwezi wa 13." Sikumjibu chochote cha maana, nilimtumia tu samaki. Namaanisha ile alama ya samaki, wa kweli bado namdai... hapana, yeye ndiye ananidai.

Haya, tuambizane. Kazini kwako mchango wa mwajiri unaiva baada ya muda gani? Kama hujui, nadhani umepata kazi ya kufanya kesho asubuhi.